Usikimbilie Kusema "Hii ni Kenya"

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujafungua sehemu ya maswali na majibu katika mwongozo huu, nipe dakika chache tuzungumzie jambo ambalo miongozo haiulizi: ulihisi nini uliposoma Walenisi? Sikuulizi riwaya hii ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995, ina maudhui gani. Hayo utayapata kurasa za mbele. Nauliza ulicheka wapi, ulipiga miayo wapi, na ni wapi ulipotaka kumbishia mwandishi.

Nauliza kwa sababu nimewasikia wenzako. Katika madarasa niliyofundisha huku Meru na Embu, kitabu hiki hupokelewa karibu kwa namna ile ile kila mara. Kwanza huja kicheko. Dzombo amehukumiwa kifo, na badala ya kupelekwa kitanzini anatiwa ndani ya chombo cha kuruka angani. "Mwalimu, hii haiwezekani!" Kisha Dzombo anatua Walenisi, na kicheko kinageuka miayo. Watu wa huko wanaishi kwa usawa, wanaelezana mambo kwa kirefu, na hakuna anayekula jasho la mwenzake. "Mwalimu, mbona hakuna kinachotendeka?" Hatimaye, miongoni mwa baadhi yao, huzuka ubishi. Hapo mimi huketi nikawaacha, hata kengele ya chakula ikilia.

Halafu wanaandika mtihani, na vyote vitatu vinatoweka. Badala yake napata sentensi moja, iwe shule iko Maua au Siakago: nchi ya Dzombo ni Kenya, watawala wake ni viongozi wetu, na mwandishi anatuonya dhidi ya ufisadi. Basi. Ukisahihisha karatasi hamsini za namna hiyo, huwezi kujua ni nani aliyesoma riwaya na ni nani aliyesoma mwongozo tu.

Sisemi kuwa sentensi hiyo ni ya uongo. Mkangi, mzaliwa wa Pwani, alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa chuo kikuu. Mwaka 1986, wakati wa msako wa watu waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, aliwekwa kizuizini. Mtu kama huyo anapoandika juu ya nchi inayomrusha mtu angani ili afie huko, anajua anachokisema. Wala hakuwa wa kwanza kupaa. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na nchi aliyoibuni inaelea hewani, huku Karama akijitetea mbele ya watawala wake. Waandishi wetu walijua mapema kwamba huko juu hakuna askari wa kuwakamata.

Lakini kuilinganisha nchi ya Dzombo na Kenya ni kazi ya dakika moja. Sasa niambie, Walenisi ni nchi gani? Si Kenya. Si Marekani wala Uchina. Kama Mkangi alitaka kuwasema watawala tu, ile nchi mbaya ingemtosha, na angeweka kalamu chini mapema. Yeye alijitia katika taabu ya kuumba nchi njema pia, akaipa watu, desturi na hoja. Hapo sentensi yako ya jazanda inakosa pa kushika. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo riwaya hii inapoanza kazi yake.

Wanafunzi wanaobisha huwa wamefika hapo bila kujua. Ubishi ninaoukumbuka zaidi ulihusu majani chai. Kuanzia Imenti hadi miteremko ya Manyatta na Runyenjes, wengi wenu mmewahi kuamshwa alfajiri ya Jumamosi kwenda kuchuma. Mvulana mmoja alisema Walenisi haiwezi kudumu hata wiki mbili: kama hakuna tajiri wala maskini, nani atakubali kuingia shambani majani yakiwa bado na umande wa baridi? Msichana aliyeketi nyuma yake akamjibu kwamba mamake huchuma katika shamba la mtu mwingine, hulipwa kwa kilo, na bonasi ya mwaka inapokuja humwendea mwenye shamba. Yeye angehamia Walenisi jioni hiyo hiyo. Wa tatu, kijana mkimya ambaye hakuwa akiinua mkono, akauliza ni nani huko ataamua kwamba kazi yangu na yako zina thamani sawa, na kama huyo mwamuzi hatageuka kuwa tajiri mpya.

Katika dakika kumi walikuwa wamefika kwenye maswali ambayo mwanasosholojia Mkangi alitaka wasomaji wake wayafikie. Hakuna aliyetaja jazanda. Wiki iliyofuata nikawapa jaribio, na wote watatu wakaandika kwamba mwandishi anatuonya dhidi ya ufisadi.

Sikuambii umwandikie mtahini habari za shamba la chai. Katika karatasi ya tatu mtahini hutafuta hoja na ithibati kutoka kitabuni, na swali la alama 20 halijibiwi kwa hisia. Ninachosema ni kwamba lile swali la kijana mkimya linakurudisha kitabuni. Unakwenda kutafuta mahali ambapo watu wa Walenisi wanaeleza kazi inavyogawanywa na maamuzi yanavyofanywa. Ukipapata, una hoja na ithibati yake, na umeipata mwenyewe. Ukiona jibu halikutoshi, hiyo nayo ni hoja, mradi uonyeshe mwandishi ameishia wapi.

Rudi sasa kwenye kile kicheko cha "haiwezekani". Kama wewe ni Mmeru, huenda umesimuliwa habari za Mbwa, kule pwani ambako wazee wetu waliteswa na Nguuntune, wale watu wa nguo nyekundu. Waliambiwa walete kiatu chenye manyoya juu na chini. Waliambiwa watengeneze mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Mwishowe wakatoroka usiku, na fimbo ya kiongozi wao Koomenjwe ikayagawa maji wakapita. Sijawahi kumwona mwanafunzi akimwambia nyanyake kwamba hilo haliwezekani. Mtu anayepewa mtihani uliotungwa ili afe, kisha akavuka kwenda nchi nyingine: hicho ni kisa cha Mbwa, na ni kisa cha Dzombo pia. Tofauti ni chombo tu. Usiniambie basi kwamba hadithi za aina hii ni za Wazungu.

Na chombo chenyewe? Mnamo tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mwandishi wetu wa Pwani hakuhitaji kwenda Marekani kuambiwa kwamba vitu hupaa.

Kicheko chako, hata hivyo, kisikuaibishe. Kinaweza kuwa mlango. Niliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu riwaya ya Mwingereza H. G. Wells ya mwaka 1898, The War of the Worlds, ambamo viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaivamia Uingereza wakiwa na silaha ambazo jeshi la huko haliziwezi. Darasa lilicheka kwa furaha kabisa. "Sasa na wao wameonja!" mmoja akapaza sauti. Ukiisoma riwaya hiyo utaona kwamba Wells mwenyewe, katika sura ya kwanza, anawakumbusha wasomaji wake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Mwanafunzi wangu hakuwa ameambiwa hilo. Alifika kwa kucheka, na kufika kwake kulikuwa sahihi kuliko aya nzima ya maelezo ambayo ningemwandikia ubaoni.

Kuhusu miayo nitasema kwa ufupi, kwa sababu nakubaliana nanyi. Nchi njema ni ngumu kuisimulia tangu Thomas More alipotoa Utopia mwaka 1516. Hadithi huishi kwa mgogoro, na mahali ambapo watu wametatua migogoro yao hubaki mazungumzo. Mimi naona baadhi ya mazungumzo ya Walenisi yamerefushwa kupita kiasi. Unaweza kusema hivyo katika jibu la kutathmini mbinu za uandishi: kwamba dayalojia inaibeba dhamira lakini inapunguza taharuki, kisha utoe mfano. Ni hoja halali. Usiiandike tu kama lalamiko, "kitabu kinachosha", ukaishia hapo.

Najua hali ilivyo katika shule nyingi za kutwa. Nakala moja ya riwaya inagombaniwa na wanafunzi watano au sita, na mwongozo kama huu ni mwepesi kuupata, tena mwembamba. Kuna riwaya ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa muhtasari akaponea chupuchupu. Hii siyo mojawapo, maana muhtasari unaondoa kwanza ule ugeni wake: unakupa Dzombo akiwa tayari ametua, tayari ameelezwa, tayari amegeuzwa jazanda. Hupati nafasi ya kuwa naye ndani ya chombo, usijue kama atafika.

Kwa hivyo, kama mna nakala moja, someni kwa sauti wakati wa prepu, mmoja baada ya mwingine, mwongozo ukiwa umefungwa. Msisimame kutafuta tamathali. Kila mmoja awe na karatasi na aandike maswali matatu ambayo angemuuliza mwenyeji wa Walenisi, yakiwemo ya kipumbavu. Mkimaliza sura ya mwisho, linganisheni karatasi zenu kabla ya kumwendea mwalimu.

Na jina lenyewe, Walenisi? Maana yake imeelezwa mbele, katika sehemu ya anwani ya riwaya. Usiende huko kwanza. Litamke kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, halafu uone linakatika wapi.