Bonasi ya Chai Sio ya Laptopu Mpya

Wasee wa Kisii na Nyamira, hii stori ya "laptopu yako imezeeka, nunua ingine" imenichosha. Mtoto wa Kebirigo anaingia chuo, mashine inachukua dakika tano kuwaka, fundi anaitazama bila kufungua hata skrubu moja, anasema imeisha. Mzazi anangoja bonasi ya chai, ikifika yote inaishia dukani.

Kwani ni nini imeisha? Mara nyingi ni hadi diski tu. Ndani kuna sahani inazunguka, kwa laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinakimbia huku na huku kikitafuta faili. SSD haina kitu cha kuzunguka. Weka ya SATA ya inchi 2.5 kwa EliteBook 840 G1 ama ThinkPad T440, na mashine ile ile ya mtumba itawaka kwa sekunde.

Hapo sasa utatishwa: "Usiweke ya kampuni ingine, itaua laptopu." Zii! HP, Dell na Lenovo hawatengenezi chipu za kumbukumbu. Wananunua kwa akina Samsung, SK Hynix na Micron. Hiyo "orijino" yako pia ni ya kampuni ingine, bana. SATA ni kiwango cha wote, haisomi stika.

Cha kuogopa ni feki. Ile ya "2TB" kwa bei ya chipsi kuku imefunzwa kudanganya kompyuta. Ukizidisha nafasi yake halisi, inakula kazi zako kimya kimya. Dai risiti, halafu uijaribu na H2testw kabla hujaweka kitu cha maana.

Na tusidanganyane, SSD haiponyi kila ugonjwa. RAM ya 2GB itabaki 2GB. Zile laptopu ndogo za eMMC, hiyo imechomelewa kwa bodi, huichomoi. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huu hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Sawa, si uweke Linux Mint? Ni ya bure, na kuandika asaimenti ama kuingia eCitizen haikushindi.

Fundi akikataa kufungua, beba begi uende kwa mwingine. Na diski ya zamani usimwachie. Iko na picha zako na kitambulisho cha mathe.