Gemu: Tusimlaumu Mtoto Peke Yake

Na Rehema Shekimweri

Robert na Trude Steen wa Norway walipofiwa na mwana wao Mats mwaka 2014, waliamini ameondoka duniani bila rafiki. Alikuwa na miaka 25, na ugonjwa wa Duchenne, unaomaliza misuli tangu utotoni, ulikuwa umemwachia vidole tu. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye gemu ya World of Warcraft, maelfu ya saa ambazo wazazi walizihesabu kuwa zimepotea bure. Baba alipotangaza msiba kwenye blogu ya kijana, salamu zikamiminika kutoka nchi kadhaa za Ulaya. Wako waliofunga safari kwenda kumzika. Kumbe humo ndani Mats aliitwa Ibelin, alikimbia kwa miguu yake, alipendwa, na watu walimwendea kutafuta ushauri.

Kila nikimsikia mzazi akisema gemu ni upuuzi mtupu, namkumbuka Mats. Vijana wetu hawaendi huko kwa sababu ni wajinga. Mtazame aliyemaliza kidato cha nne, anatuma maombi ya kazi ambayo hakuna anayeyajibu. Kwenye gemu jitihada inalipwa papo hapo: ameua zimwi, amepanda daraja, na wenzake wameliona jina lake. Kanuni zinajulikana. Akishindwa anaanza upya bila kuchekwa, wala hahitaji mjomba wa kumpigia mtu simu. Ni nani kati yetu asiyetamani dunia ya namna hiyo, hata kwa saa moja jioni?

Tatizo ni kwamba tamaa hiyo njema ina wafanyabiashara wake. Gemu nyingi za simu, kama Free Fire, hupakuliwa bure. Fedha hupatikana kwa kuuza mavazi na silaha humo ndani, kwa hiyo kampuni inanufaika kila mchezaji anapochelewa kutoka. Ndiyo maana kuna zawadi ya kila siku inayompotea asipoingia. Ndiyo maana kuna masanduku ya kununuliwa bila kujua kilichomo: leo takataka, kesho takataka, keshokutwa kitu cha thamani, na mkono haubanduki. Mashine za dubwi zinakula fedha za watu kwa mbinu hiyo hiyo. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashauri ya tume ya biashara ya Marekani, na milioni 245 kati ya hizo zilihusu madai ya kuwahadaa wachezaji wakanunua vitu wasivyokusudia.

Uraibu upo, na nisingependa yeyote aupuuze. Shirika la Afya Duniani limeuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini halikutaja idadi ya saa. Linamtazama aliyeshindwa kujizuia, aliyeitanguliza gemu mbele ya shughuli zake zote, anayeendelea ingawa inamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Mtoto anayecheza Jumamosi kutwa, na Jumatatu yuko darasani akili timamu, si mgonjwa.

Korea Kusini ilijaribu njia ya saa. Kuanzia 2011 sheria iliwafungia walio chini ya miaka 16 wasicheze gemu za mtandaoni tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakahamia kwenye simu, ambazo sheria haikuzigusa, na ilipofika 2022 ilikuwa imefutwa. Ubelgiji ilikata shauri tofauti: mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku yale ya kulipia ni kamari. Nasimama na Ubelgiji.

Hapa Tanzania kamari ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18, na tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Naiomba bodi hiyo iyatazame masanduku haya yanayouzwa kwa watoto kupitia simu za mama zao, na iyaite kamari. Nanyi wazazi, kabla ya kunyang'anya simu, kaeni ubavuni mwa mtoto na mumuulize anacheza na nani, na humo ndani anaitwa nani.