Mbwa Akifa, Tazama Kichaka Kabla ya Jirani

Hapa Kinanie mbwa akikutwa amekufa asubuhi, neno la kwanza ni moja tu: "Amewekewa sumu!" Papo hapo jina la jirani linatajwa. Watu wananuniana, watoto wanakatazwa kucheza pamoja, na hakuna aliyeuliza jana mbwa huyo alipita wapi.

Sikatai, wako watu waovu wanaotega nyama yenye sumu. Lakini si kila kifo ni cha mkono wa mtu. Sisi wa shule ya kutwa tukifika nyumbani jioni tunatumwa kurudisha mbuzi, na mbwa wanatufuata mpaka vichakani. Iko mimea mitatu ambayo kila mchungaji anafaa kuijua.

Kwanza ni mbarika, unaoota ovyo kando ya barabara, kwenye majaa ya taka na karibu na mito. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini. Mbwa akizitafuna, baada ya saa kadhaa hutapika, huharisha damu na anaweza kufa.

Pili ni mnyaa, ambao kwa Kikamba ni ndau. Boma nyingi za Ukambani zimezungushiwa ua wa mti huu. Mbwa akikimbiza sungura na kupenya hapo, matawi huvunjika na utomvu mweupe humwingia machoni. Unachoma vibaya na unaweza kumpofusha. Mwoshe mara moja kwa maji mengi safi, na wewe mwenyewe usijishike macho.

Tatu ni msunguti, yaani kivai, mti ambao wazee wetu walichemsha kupata sumu ya mishale. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mwaka 2011 mtaalamu Jonathan Kingdon na wenzake walieleza habari za panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa akimwuma panya huyo huugua sana, hata kufa. Sasa hapo utamshtaki jirani gani?

Wengine watasema ati mbwa ni mbwa tu. Kwani mbegu ya mbarika inachagua? Mtoto mdogo akiitafuna, naye yumo hatarini.

Kwa hivyo napendekeza hivi. Tukipita penye mimea hii, mbwa afungwe kamba. Akianza kutapika au kutetemeka, tusimmiminie maziwa kwa nguvu, maana yanaweza kuingia mapafuni. Tukimbilie daktari wa mifugo, na tumpelekee tawi la mmea aliotafuna. Tena Chama chetu cha Kiswahili kiwaendee wazee, kiandike majina ya mimea hii kwa Kiswahili na Kikamba kabla hayajasahaulika. Viwanja vinajengwa kila siku, na wanaohamia hapa hawaijui.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mbwa hutulinda usiku kucha bila mshahara. Mchana ni zamu yetu kumlinda yeye.