Njia ya Mombasa na Watu wa Ukambani

Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, ambayo urefu wake wapata kilometa 485, haipiti Kikima. Hupita mbali, katika nchi kavu ya chini: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Hata hivyo Wakamba waliijua njia ya pwani mapema kuliko wahandisi wote walioipima.

Zamani walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa kwa misafara ya miguu, na kurudi na nguo, shanga na nyaya. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alifika kwake, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya kutoka huko. Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo leo jina la nchi nzima, jambo ambalo watoto wa shule hawaambiwi mara nyingi. Kivoi mwenyewe aliuawa mwaka 1851, akiwa safarini upande wa mto Tana.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyoongozwa na Sir William Mackinnon, ilianza kukata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka pwani. Kazi yake ilikomea Kibwezi. Kuanzia hapo Serikali ya Uingereza ilimtuma Kapteni Sclater, mhandisi wa jeshi, naye akaiendeleza mpaka upande wa Ziwa Viktoria. Ilimalizika mwaka 1896, na mwaka huo huo mataruma ya reli yakaanza kulazwa Mombasa! Gari la moshi lilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nani angeendelea kuswaga ng'ombe kwa majuma mengi katika nyika isiyo na maji? Shehena zikahamia relini, na vituo vya reli vikawa miji. Kimoja kikapewa jina la Sultan Hamud wa Unguja.

Motokaa ndizo zilizoirudishia barabara heshima yake. Lami ilipotandikwa, malori yakawa mengi, na kila mahali dereva alipozoea kupumzika pakazuka hoteli, gereji na vibanda vya matunda. Kisha mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa, makasha mengi yakapakiwa garini bandarini, na wafanya biashara wa Mtito Andei na Emali wakalalamika kuwa malori yamepungua. Lalamiko hilo lilikuwa la haki, maana watu hao walijenga kwa fedha zao wenyewe.

Mkulima wa Kikima husikia habari hizo akiwa mbali. Maparachichi yake hukomaa katika baridi ya Mbooni, lakini wanunuzi wengi wako huko chini. Ni lazima kwanza ayateremshe vilimani, kwa njia ya Wote au ya Machakos, na kila saa ipoteayo hapo katikati hukatwa katika bei yake.