Mtoto wa mzoa taka aliyewahoji marais

Leo nina neno na vijana wanaomkwepa baba njiani kwa sababu ya kazi anayoifanya, na pia na akina baba ambao siku ya wazazi shuleni huketi nyuma kabisa, mikono mifukoni. Kisa changu ni cha Marekani, lakini nadhani kitabisha hodi katika nyumba nyingi hapa kwetu.

Tim Russert alizaliwa Mei 7, 1950 mjini Buffalo, jimbo la New York, mvulana pekee pamoja na dada watatu. Baba yake, ambaye pia aliitwa Tim, hakumaliza shule ya sekondari. Aliporejea kutoka Vita Vikuu vya Pili aliajiriwa kuzoa taka za mji. Kwa kuwa mshahara haukutosha, alitafuta kazi ya pili, ya kuendesha lori la kusambaza magazeti. Kwa kazi hizo mbili aliwalea watoto wanne.

Shuleni, Tim alikuwa mtundu. Mwalimu wake, mtawa aliyeitwa Sista Lucille, hakumpiga bakora. Alimkabidhi gazeti la shule alihariri, ili apate la kufanya. Utundu ukageuka kazi.

Baadaye Tim alisomea sheria, akafuzu mwaka wa 1976. Alimtumikia Seneta Daniel Patrick Moynihan, kisha Gavana Mario Cuomo, na mwaka wa 1984 akajiunga na televisheni ya NBC. Desemba 1991 alipewa kipindi cha kila Jumapili, Meet the Press, akakiendesha kwa zaidi ya miaka 16.

Wanasiasa walimheshimu na kumwogopa. Kabla ya kumhoji mgeni, alisoma yote aliyowahi kusema. Mheshimiwa akikana, maneno yake yenyewe yalionyeshwa kwenye skrini, watazamaji wakasoma. Ulimi hauna mfupa, lakini Tim aliweka kumbukumbu. Bill Clinton na George W. Bush ni miongoni mwa marais waliojibu maswali yake.

Je, mtu huyu alificha alikotoka? La hasha! Mwaka wa 2004 alitoa kitabu, Big Russ and Me, kumsifu yule baba mzoa taka. Wasomaji walimwandikia barua nyingi wakiwasimulia baba zao, hata mwaka wa 2006 akazikusanya katika kitabu cha pili.

Mnamo Juni 13, 2008, siku ya Ijumaa, Tim alianguka ofisini Washington akitayarisha kipindi cha Jumapili. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 58, na aliacha mjane, mwandishi Maureen Orth, na mwana wao Luke. Jumapili hiyo ilikuwa Siku ya Akina Baba huko kwao. Mzee alibaki hai hadi mwaka wa 2009.

Ewe kijana, mchagua jembe si mkulima. Tim alimshukuru babake mapema, na heri alifanya hivyo, kwani mwana ndiye aliyetangulia. Wako akirudi jioni ya leo, amechafuka au ananukia, mpokee mzigo, umwambie ahsante. Usingoje kuandika kitabu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.