Poland haitapata watoto kwa posho peke yake

Mwaka 2016 serikali ya Poland ilianza kuwapa wazazi zloti 500 kila mwezi kwa mtoto wa pili na kila aliyemfuata. Mwaka 2019 posho hiyo ikamfikia kila mtoto, na tangu Januari 2024 imepanda hadi zloti 800. Lengo mojawapo lilitangazwa waziwazi, kwamba watu wazae. Mwaka 2017 walizaliwa watoto wapatao 402,000. Mwaka 2024 walikuwa wapatao 252,000 tu. Naamini sababu moja kubwa ni kwamba posho haikugusa jambo linalomchosha mwanamke wa Poland: kazi ya nyumbani anayoifanya baada ya kazi ya mshahara, ambayo kila utawala umeitegemea na hakuna uliompunguzia.

Mazoea hayo ni ya zamani. Kuanzia mwaka 1795 hadi 1918 Poland haikuwa dola. Ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria. Wanaume wengi walioasi utawala wa Urusi mwaka 1863 waliuawa au kupelekwa Siberia, na wanawake wakabaki kuendesha mashamba na kuwafundisha watoto lugha na dini yao nyumbani. Hapo ndipo ilipokua sifa ya Mama Mpolandi, anayevumilia yote kwa ajili ya taifa. Wasomaji wa Arusha wana ushahidi wake karibu: makaburi ya Tengeru. Wakimbizi wa Kipolandi wa Vita vya Pili vya Dunia wapatao 5,000 waliishi kambini pale tangu mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, maana wanaume wengi wenye nguvu walikuwa jeshini. Kambi ile ilikuwa na shule, kanisa na hospitali, na sehemu kubwa ya kazi ya kuviendesha ilibebwa na akina mama.

Wakomunisti walipotawala walimpeleka mwanamke kiwandani, lakini jiko wakamwachia vilevile. Mahali pa kuliona hilo ni Łódź, mji wa viwanda vya nguo. Desemba 1970 serikali ilipandisha bei ya vyakula, na wafanyakazi wa miji ya pwani walioandamana wakapigwa risasi. Kiongozi wa chama akabadilishwa, bei zikabaki juu. Februari 1971 wafumaji wa Łódź, wengi wao wanawake waliofanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, walizima mashine. Waziri Mkuu Piotr Jaroszewicz alilazimika kwenda mwenyewe kuwasikiliza. Walidai mshahara na bei ya nyama kwa pamoja, maana aliyesimama kwenye mashine ndiye aliyekuwa akipanga foleni dukani na kupika. Kuanzia Machi 1 bei zikarudishwa. Wanawake hao walipata walichodai, ila ndani ya nyumba zao hakuna kilichobadilika.

Baada ya ukomunisti kuanguka mwaka 1989 viwanda vingi vilifungwa, na vituo vya kulelea watoto vilivyotegemea viwanda hivyo vikafungwa navyo. Pengo likazibwa na bibi. Ndiyo maana suala la umri wa kustaafu lina uzito mkubwa nchini humo. Mwaka 2012 ilipitishwa sheria ya kuupandisha polepole hadi miaka 67 kwa wote. Mwaka 2017 ukarudishwa kuwa 60 kwa wanawake na 65 kwa wanaume. Wengi walishangilia. Lakini pensheni ya Poland hukokotolewa kwa kugawa michango ya mtu kwa miezi anayotarajiwa kuishi, hivyo mwanamke anayeacha kazi akiwa na miaka 60 huchangia kidogo na kugawiwa kwa miaka mingi. Analea wajukuu bure, kisha anazeeka na kipato kidogo.

Yapo majibu ya kupinga hoja hii, na si mepesi. Posho imepunguza umaskini wa watoto. Hilo ni kweli, na isifutwe. Finland, ambako baba hushiriki malezi zaidi, nako uzazi umeshuka sana. Hilo pia ni kweli. Kwa hiyo sidai kwamba baba akiosha vyombo watoto watajaa. Kuna bei ya nyumba, na kuna uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Oktoba 2020 uliobana zaidi utoaji mimba na kuwatia wengi hofu ya kushika mimba. Wengine husema wanawake wenyewe hupenda iwe hivi. Hapo nakataa. Wanawake ndio wengi zaidi katika vyuo vikuu vya Poland. Mtu hasomi miaka yote hiyo ili akose muda wa kuitumia elimu yake. Na hata uzazi usipopanda kwa mtoto mmoja, mzigo usio wa haki unabaki kuwa usio wa haki.

Mwaka 2023 Poland ilifuata agizo la Umoja wa Ulaya na kumtengea kila mzazi wiki 9 za likizo ya malezi ambazo hawezi kumwachia mwenzake. Baba asipozichukua, zinapotea. Hiyo ndiyo hatua inayogusa kiini cha jambo, ila wiki 9 ni chache mno. Bunge la Warsaw liziongeze, lijenge vituo vya malezi hadi vijijini, na bibi anayelea mjukuu ahesabiwe miaka hiyo katika pensheni yake.