Kunywa Maji Mengi, Lakini ya Nani?

Kuna ushauri ambao hauhitaji bajeti, hauhitaji dawa, na hauhitaji hata daktari kuinua macho kutoka kwa kadi ya kliniki. "Mpe maji mengi, asipatwe na baridi, ale vizuri, asichoke." Kila familia yenye mtoto wa selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mtaani, imeusikia. Mamangu ameusikia hadi anaukariri kama sala. Mimi ni kifungua mimba wake, na mgonjwa ni kitinda mimba wetu. Nimeishi na ushauri huo ndani ya nyumba ya mabati hapa Rhonda kwa miaka tisa, na nina neno nao.

Neno lenyewe ni hili: ushauri ni wa kweli, lakini umegeuzwa kisingizio. Mengi tunayoambiwa tubadilishe nyumbani hayako nyumbani. Yako kaunti, yako Nairobi, yako kwa mwenye ploti. Lakini mtoto akizidiwa, anayeulizwa "kwani ulimlisha nini?" ni mama.

Tuanze na damu yenyewe. Selimundu inatokana na herufi moja iliyobadilika katika jeni inayotengeneza himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni mwilini. Ukirithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, unakuwa mbebaji na kwa kawaida huugui. Ukirithi kutoka kwa wote wawili, chembe nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu huishi kati ya siku 10 na 20. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Hakuna laana hapo, na hakuna mboga iliyokosekana kwenye sufuria. Na hakuna vile mama peke yake angeuleta ugonjwa huu, hata shangazi zangu waseme nini.

Sasa maji. Mwili ukikauka, chembe hizo hujipinda na kukwama zaidi. Isitoshe, figo za mgonjwa hazishiki maji vizuri, kwa hivyo anayapoteza haraka. Maji kwake ni dawa, hilo sibishi. Lakini Rhonda dawa hiyo tunainunua kwa mtungi wa lita 20. Mfereji ukikauka, mwenye mkokoteni ndiye anaamua tutakunywa nini. Mara nyingi ni maji ya kisima, na huku Bonde la Ufa miamba ya volkano hutia floraidi kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinapita hapo. Ndiyo maana watu wa Nakuru tunajuana kwa meno ya rangi ya chai. Na usiniambie tuchemshe: kuchemsha hakuondoi floraidi. Mtoto jirani anakunywa lita moja, wetu anaambiwa anywe mbili, kutoka kisima kilekile. Hesabu fanya mwenyewe. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyopunguza floraidi vimetengenezwa hapahapa Nakuru na Dayosisi ya Kanisa Katoliki, kwa hivyo ujuzi tunao. Lakini kwenye kadi ya mdogo wangu hakuna aliyewahi kuandika "kichujio". Wameandika "maji mengi", basi.

Halafu maji yakiingia lazima yatoke. Ploti yetu ina nyumba kumi na choo kimoja, nje, bila taa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya saa tisa usiku Julai si mzaha. Baridi nayo huamsha maumivu. Kwa hivyo ushauri namba moja unamtoa mtoto kitandani aende kuvunja ushauri namba mbili. Shuleni ni hadithi hiyohiyo: anaomba ruhusa mara nne asubuhi moja, mwalimu anadhani anatoroka hesabu. Unajua mtoto hufanya nini hapo? Anaacha kunywa maji. Ana miaka tisa na tayari ameamua kwamba maumivu ni afadhali kuliko kuchekwa.

Chakula je? Hapa kila mtu mtaani ni mtaalamu. Juisi ya bitiruti. Majani fulani. Poda ya kuuzwa kwa simu ambayo eti inaosha jeni. Bana, jeni haioshwi. Wengine wanasukuma vidonge vya madini ya chuma vya "kuongeza damu", ilhali damu yake haipungui kwa kukosa chuma. Inapungua kwa sababu chembe zinakufa mapema. Mtoto anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza hata kujaa chuma kupita kiasi, kwa hivyo vidonge hivyo havipewi kwa kubahatisha bila kupima. Anachohitaji zaidi ni foleti, maana mwili wake unatengeneza damu mpya mbio mbio. Hiyo iko kwenye kunde, managu, maharagwe na ndengu, na kwa kidonge cha asidi ya foliki. Sisi tumebadilisha mlo wa nyumba nzima, kwa sababu sufuria ni moja. Mboga za majani kila siku, omena mara mbili kwa wiki, soda tukaacha. Sawa. Lakini msiniambie kunde zitafanya kazi ya dawa.

Na dawa ipo. Haidroksiurea ni kidonge cha kila siku. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanywa kwa watoto wa Kilifi pamoja na wenzao wa Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kwamba inapunguza vipindi vya maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu na hata vifo. Watoto wa nchi hii ndio waliotoa damu yao ili dunia ijue. Mtoto wa Rhonda naye akiandikiwa, mzazi anatumwa kwa duka la dawa na karatasi. Penisilini ya kukinga watoto wadogo, vivyo hivyo. Hivyo vitu havimei kwenye gunia la sukuma wiki.

Kisingizio kingine ni kwamba huu ni "ugonjwa wa watu wa magharibi". Kina mzizi wa kweli. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi akakuta wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza kwa nini: kuwa mbebaji kunakinga dhidi ya malaria kali. Lakini tangu lini watu wakakaa mahali pamoja? Rhonda imejaa watu waliokuja kutafuta kazi kutoka Busia, Siaya na Kakamega. Jeni nayo hupanda matatu. Zahanati moja hapa ilimtibu mdogo wangu baridi yabisi kwa miezi kabla mtu hajafikiria kupima damu. Na Desemba tukienda ushago, hakuna anayetukumbusha kwamba kinga ile ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Mgonjwa akipata malaria anaweza kufa, na anafaa kusafiri akiwa na dawa ya kuikinga.

Najua jibu litakuwa gani: familia lazima iwajibike. Imewajibika! Mama aliacha kibanda chake sokoni ili awe karibu na mtoto. Tunalala na chupa ya maji kando ya kitanda. Sweta ananunuliwa yeye kwanza, sisi baadaye. Familia ikishafika hapo, kuiambia ijitahidi zaidi ni matusi.

Kwa hivyo orodha yangu ni fupi. Mtoto achomwe kisigino akizaliwa, hata Nakuru, tujue mapema. Haidroksiurea na penisilini viwe kwenye zahanati ya wadi. Tuliambiwa tujisajili SHA ilipoanza Oktoba 2024, tukajisajili, sasa kidonge kiko wapi? Kila mwalimu ajue kwamba mtoto huyu akiomba kwenda choo, aende. Na maji ya mfereji yaliyopimwa floraidi yafike Rhonda, si kwa hisani ya mkokoteni.

Mwaka 2027 mtakuja kuomba kura huku. Tutawakaribisha na glasi ya maji ya kisima. Mkunywe mengi.